Kitambaa Kilichokataa Moto

Kila alasiri, kengele ya shule ikishalia, Chiriku alipitia karakana ya shangazi yake kabla ya kwenda nyumbani. Shangazi alikuwa mhunzi. Alifua majembe, visu na bawaba za milango, na waliosema kwamba kazi hiyo si ya mwanamke walikuwa wameacha kusema siku nyingi, maana nao walihitaji majembe. Kazi ya Chiriku ilikuwa kufagia vumbi la makaa, kupanga makoleo ukutani na kujaza ndoo ya maji iliyokaa kando ya tanuri. Jina la Chiriku hakupewa na wazazi. Alipewa na wenzake darasani kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika, na sasa hata mama yake alimwita hivyo.

Moto wa tanuri ulizimika kila mchana shangazi alipokwenda kula. Aliporudi, aliuwasha bila kiberiti. Alichukua jiwe la gumegume, jiwe gumu jeusi lenye makali, akaweka juu yake kipande kidogo cha kitambaa kilichounguzwa. Kisha akalikwangua jiwe kwa chuma alichokikunja mwenyewe kutokana na tupa kuukuu ya kunolea. Cheche ziliruka, moja ikatua kitambaani, na doa jekundu likaanza kutambaa. Alikifunga kitambaa ndani ya nyuzi za gunia, akapuliza, moto ukawaka. Muda wote huo alikuwa akibishana bei na mteja.

"Kiberiti kikilowa, kimekufa," alisema kila alipoulizwa. "Jiwe likilowa, unalifuta."

Chiriku alikuwa ameliona jambo hilo mara nyingi mno, hata akadhani analijua. Ndiyo maana, mwalimu wa sayansi alipotangaza kwamba siku ya wazazi darasa lao litaonyesha namna ya kuwasha moto bila kiberiti, mkono wake ulikuwa hewani kabla mwalimu hajamaliza.

"Mimi naweza kwa jiwe na chuma, mwalimu."

"Umewahi kuwasha wewe mwenyewe?"

"Kila siku, kwa shangazi."

Nyuma yake alikaa mvulana waliyemwita Miwani. Miwani alikuwa ameleta lenzi kubwa ya kukusanya mwanga wa jua, na likizo nzima alikuwa ameifanyia mazoezi. Mwalimu alifikiri kidogo. Muda waliopewa ulitosha onyesho moja tu, na siku hizo mawingu yalikuwa mengi.

"Basi tutatumia jiwe na chuma," alisema. "Miwani, lenzi yako itasubiri."

Miwani aliivingirisha lenzi katika leso, taratibu, akairudisha mkobani. "Kila siku?" alinong'ona.

"Kila siku," Chiriku alijibu bila kugeuka.

Jioni hiyo alimwomba shangazi amwazime jiwe na chuma.

"Unajua kuvitumia?"

"Shangazi, nimekuona mara ngapi?"

Shangazi alimtazama, kisha akarudi kwenye jembe alilokuwa akilinoa. "Chukua lile jiwe la akiba na kile chuma chenye kutu. Kitambaa jitengenezee. Ndoo ya maji kwanza, moto baadaye. Na ukikwama, useme."

"Sitakwama."

Alikwama palepale alipoanza. Nyuma ya jiko la kwao aliweka ndoo ya maji, akapiga jiwe kwa chuma, na kilichotoka ni mlio. Akapiga kwa nguvu zaidi. Jiwe lilimchuna kifundo cha kidole, damu ikatoka, cheche hazikutoka. Alipiga kama mtu anayepigilia msumari, na kila mlio ulizidi kumpandisha hasira.

Mdogo wake wa kiume alikuja na kikombe cha chai mkononi. "Unapika mawe?"

"Ondoka hapa."

"Ningojee yaive?"

Chiriku alimrushia ndara. Mdogo wake aliikwepa bila kumwaga chai, akaenda zake akicheka.

Kesho yake aligundua, kwa bahati zaidi kuliko kwa akili, kwamba chuma kikiteleza ukingoni mwa jiwe, kama kisu kinachomenya kiazi, cheche huruka. Furaha yake haikudumu. Cheche ziliangukia nyuzi za gunia zikafa. Zikaangukia majani makavu zikafa. Hapo akakumbuka kile kitambaa.

Mama yake alikuwa fundi wa kushona, na chini ya cherehani hapakukosekana vipande. Chiriku alichagua vipande vya sare za shule kwa kuwa vilikuwa imara. Alivitia ndani ya kopo la rangi ya viatu, akatoboa tundu dogo kifunikoni, akaliweka juu ya makaa, kama alivyomwona shangazi akifanya. Moshi ulitoka tunduni, mzito, wenye harufu ya kukera pua. Alipofungua alikuta ganda jeusi linalong'aa, gumu kama lami iliyopoa. Akaligongea cheche mpaka mkono ukafa ganzi. Ganda halikushika moto.

Akadhani kosa ni muda. Aliliacha kopo likae zaidi, akapata ganda lililo gumu zaidi. Akaliondoa mapema, akapata tambara lililojikunja na kunata vidoleni. Akabadilisha makaa, akabadilisha kopo, akabadilisha hata mahali pa kukaa. Kitambaa alikiacha vilevile, kwa maana hakikumjia akilini.

"Kidole kimefanya nini?" mama aliuliza wakati wa chakula.

"Kimebanwa na mlango, mama."

"Mlango gani huo unaobana vidole vyote kwa zamu?"

Chiriku aliinama juu ya sahani yake.

Angeweza kuuliza. Mtu aliyejua kila kitu kuhusu jambo lile alikuwa naye kila alasiri, umbali wa ufagio. Lakini mwalimu na shangazi walifahamiana, na neno lingefika. Kuuliza ilikuwa sawa na kusema kwamba hajawahi kuwasha hata mara moja. Kwa hiyo shangazi alipomwuliza, "Mazoezi yanaendaje?" alijibu, "Vizuri," akaendelea kufagia mahali alipokwisha kufagia. Ulimi uliokuwa mwepesi kusema najua ulikuwa umegeuka jiwe kusema sijui.

Siku ya wazazi ilipokaribia na maji yakawa yamemfika shingoni, Chiriku alichukua kiberiti cha jikoni. Alikwangua vichwa vya njiti, akasaga unga wake, akauficha katikati ya nyuzi za gunia. Alikuwa bado amechuchumaa hapo Miwani alipotokea. Alikuwa amekuja kuchukua suruali yake iliyopunguzwa, na mama alikuwa akimalizia pindo.

"Nionyeshe basi," Miwani alisema.

Chiriku alikwangua jiwe. Cheche ilipogusa nyuzi, moto uliruka ghafla, mrefu kuliko alivyotarajia, ukamwunguza vinyweleo vya mkono. Alisukuma kila kitu ndani ya ndoo na kuutumbukiza mkono humohumo.

Miwani alinusa hewa. "Pana harufu ya kiberiti hapa."

"Ni gunia."

"Gunia la wapi?" Aliokota chini njiti isiyo na kichwa, akaitazama pande zote mbili, akamwekea Chiriku mkononi. "Mimi niliifunga lenzi yangu kwa ajili ya hii?"

Chiriku aliifumbata njiti ile kiganjani. Miwani alichukua suruali yake akaenda. Na hakumwambia mtu. Chiriku alilijua hilo kwa sababu asubuhi iliyofuata aliingia darasani akiwa tayari kuchekwa, na hakuna aliyecheka.

Alasiri hakuchukua ufagio. Alisimama mbele ya fuawe, kile chuma kizito ambacho shangazi alifulia juu yake, akasubiri nyundo inyamaze.

"Shangazi, nimekwama."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Shangazi aliweka nyundo chini. Chiriku alimweleza yote, pamoja na yale aliyomwambia mwalimu na zile njiti za kiberiti.

"Mwalimu anayajua haya?"

"Bado."

"Atayajua kesho asubuhi, kabla wageni hawajafika, na atayasikia kutoka kwako. Sasa lete hilo kopo."

Alilitazama ganda jeusi, akalivunja kwa ukucha. "Umepika plastiki."

"Ni kitambaa, shangazi. Nimekitoa kwa mama."

Shangazi hakubishana. Alichomoa uzi mmoja kutoka kipande cha sare, akausogeza kwenye kaa la moto kwa koleo. Uzi ulinywea, ukawa kishanga kidogo kigumu. Kisha akachomoa uzi kutoka shuka kuukuu la pamba alilofutia mikono. Huo uliwaka, ukaacha majivu laini yaliyopeperuka kwa pumzi.

"Umeona? Sare nyingi zimechanganywa nyuzi za plastiki, ndiyo maana hazijikunji upesi. Pamba ikikosa hewa kwenye moto hugeuka mkaa, na mkaa hudaka cheche. Plastiki huyeyuka tu."

"Kwa hiyo mkono wangu haukuwa na kosa?"

"Ulikuwa nalo, na ukalirekebisha mwenyewe. Lakini kwa kitambaa hiki ungepiga jiwe mpaka uote mvi."

Chiriku alidhani mambo sasa yatanyooka. Hayakunyooka. Alikata vipande vya shuka, akavitia koponi, akangoja moshi ukome, akafungua kopo likiwa bado la moto kwa hamu ya kuona. Hewa iliingia, vipande vikawaka vyekundu, vikawa majivu machoni pake.

"Rudia," shangazi alisema. "Moshi ukome, uondoe kopo, kopo lipoe. Ndipo ufungue."

Mara ya pili alipata vitambaa vyeusi, vyepesi, laini. Akavishika kwa mikono yenye jasho, navyo vikaloa na kukatika. Machozi ya hasira yalimlenga.

"Futa mikono. Rudia."

"Shangazi, huchoki kusema rudia?"

"Wewe huchoki kukosea?"

Chiriku alifuta mikono kwenye sketi. Aliweka kipande juu ya jiwe, ukingo wa kitambaa sawa na ukingo wa jiwe, akateleza chuma. Cheche zilipita pembeni. Akarudia. Zikapita tena. Akarudia akiwa amekunja uso kama anayemeza dawa, na safari hii nukta nyekundu, ndogo kuliko kichwa cha sindano, ilibaki kitambaani na kuanza kupanuka. Alishtuka kiasi kwamba alisahau kupuliza. Ilibidi shangazi amgonge bega.

Asubuhi ya siku ya wazazi alimweleza mwalimu ukweli. Mwalimu aliacha kupanga viti vya wageni.

"Nilimnyima mwenzako nafasi kwa sababu nilikuamini," alisema.

"Najua, mwalimu. Naomba aanze yeye. Mimi nitachukua dakika zitakazobaki, hata zisipobaki."

Mwalimu alikubali. Miwani alipoambiwa hakutabasamu, lakini alikuwa na lenzi mkobani. Hakuwa ameacha kuja nayo.

Wazazi walijipanga kuzunguka meza uwanjani. Jua lilikuwa likitoka na kuingia mawinguni. Miwani alielekeza mwanga kwenye karatasi, moshi kidogo ukapanda, kisha wingu likafunika jua na moshi ukakoma. Akajaribu tena, wingu likarudi. Shingo yake ilianza kuloa jasho. Chiriku alimsogelea, akamwekea mbele kipande cha kitambaa cheusi.

"Jaribu hapa. Hiki hakihitaji jua la muda mrefu."

Miwani alimtazama, akaelekeza lenzi. Jua lilipochungulia tu, kitambaa kilidaka. Wakakifunga ndani ya nyuzi, Miwani akapuliza, na moto ukawaka. Watu walipiga makofi.

Ikafuata zamu ya Chiriku. Alipiga mara ya kwanza, cheche hazikutoka. Akapiga tena, zikapita pembeni. Baba mmoja wa nyuma alisema kwa sauti, "Mpeni kiberiti mtoto wa watu," na watu wakacheka. Chiriku alihisi hasira ile ya nyuma ya jiko ikipanda. Akaacha kupiga. Akafuta mikono, akageuza jiwe upande wenye makali zaidi, akateleza chuma. Nukta nyekundu ikakaa. Nyuzi za gunia ziliposhika moto mikononi mwake, yule baba ndiye aliyeanza kupiga makofi.

Jioni karakana ilikuwa na harufu ileile ya makaa na chuma. Shangazi, aliyekuwa amesimama uwanjani mwisho kabisa wa watu, alikuwa amekwisha kuvaa aproni yake ya ngozi.

"Bidii ulikuwa nayo tangu mwanzo," alisema, "vidole vyako ni mashahidi. Lakini bidii ya anayeficha kwamba hajui ni sawa na kupigia cheche plastiki. Jasho litatoka, moto hautatoka. Kuona peke yake si kujua, maana macho hayashiki nyundo. Usipojua, sema hujui siku ya kwanza, upate siku zote zilizobaki za kujifunza."

"Nimesikia, shangazi."

"Vizuri. Sasa, ulimwambia mwalimu kwamba huwasha moto hapa kila siku." Alimsogezea jiwe, chuma na kopo la vitambaa. "Tanuri limezimika. Anza leo."