Wiki Ambayo Simu Haikuita

Thomasi alikuwa mkulima wa vitunguu katika kata ya Baray, wilaya ya Karatu. Kila asubuhi alifungulia ng'ombe wake wawili, akanywa uji, kisha akaenda shambani na mkewe Selestina. Waliporudi, walikaa mlangoni na kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio ndogo.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali na bati. Lakini Thomasi aliijenga kama baba yake alivyojenga. Upande wa nyuma ulichimbiwa ndani ya mteremko ili upepo usiipige. Mtu akitoka kilimani angeweza kukanyaga bati bila ngazi.

Binti yao Laurencia alikuwa amemaliza mafunzo ya upishi wa hoteli mjini Karatu. Siku moja alirudi nyumbani akicheka peke yake. Alikuwa amefanya usaili kwenye loji moja karibu na lango la Ngorongoro.

"Meneja ameonja supu yangu, akaomba tena," alisema. "Mama, aliomba tena!"

"Kazi umepata?" Selestina aliuliza.

"Watanipigia simu wiki ijayo. Ila amesema nisipopatikana, nafasi atapewa mwingine."

"Basi lala na simu yako, mwanangu."

Siku mbili baadaye wote watatu walikwenda mnadani Karatu. Baada ya kuuza mbuzi, Thomasi aliona mwavuli mkubwa wa zambarau. Chini yake palikuwa na televisheni pana inayoonyesha mpira. Watu walikuwa wamejaa.

Kijana mmoja, Piusi, wakala wa kampuni hiyo mpya, alimkaribisha. "Shikamoo, mzee. Karibu kiti. Kisanduku kimoja hiki kinakupa televisheni, intaneti na simu. Mkihamia kwetu familia nzima, mnaongea bure ninyi kwa ninyi. Namba zenu hazibadiliki."

"Marahaba. Namba ileile?"

"Ileile, mzee. Unahama kampuni tu. Mnaishi wapi?"

"Baray."

"Baray tupo. Tumejenga mnara mwaka huu."

Thomasi alitazama simu ya Piusi. Vijiti vya mtandao vilijaa vyote. Jirani mmoja, Adrian, ambaye nyumba yake iko juu ya kilima, naye alikuwapo. "Mimi ninacho," alisema. "Kinakwenda kama maji ya mfereji."

Laurencia alimvuta baba yake mkono kidogo. "Baba, tukajaribu mtandao wao kwanza nyumbani. Tuazime laini moja tu kwa Adrian. Mimi nasubiri simu."

Watu waligeuka kutazama. Thomasi aliona uso wake unapata moto. "Unamfundisha baba yako mbele ya mnada?"

"Hapana, baba."

"Nyumba yangu ni moja, na mtandao utakuwa mmoja. Weka kidole hapo kwenye mashine ya usajili."

Laurencia aliweka kidole. Selestina naye akaweka. Piusi alileta karatasi nne za mkataba. "Soma, mzee, kisha usaini."

"Mpira unaanza," alisema Thomasi. Akasaini.

Nyumbani, Thomasi alikiweka kisanduku juu ya kabati, karibu na picha ya harusi. Taa yake iliwaka nyekundu. Alisubiri iwe kijani. Haikuwa kijani. Alikigeuza upande huu na upande ule. Televisheni mpya, waliyoinunua mnadani kwa fedha za mbuzi, ilionyesha duara linalozunguka tu.

"Labda kimechoka safari," Selestina alisema.

"Mafundi wanarekebisha mambo huko kwao. Kitaamka."

Simu zote tatu nazo zilikuwa kimya. Hazikuonyesha kijiti hata kimoja. Siku ya pili Laurencia alisema, "Baba, nipande kilimani asubuhi na jioni nitazame simu."

Wiki ile vitunguu vilikuwa vinang'olewa, na lori la mnunuzi lilikuwa njiani. Thomasi alijibu, "Binti wa nyumba hii hapandi kilima kutafuta simu kama anayetafuta mbuzi aliyepotea. Kila mkono unahitajika shambani. Simu ya kweli itakufuata."

Laurencia alikwenda shambani. Aling'oa vitunguu siku nne bila kulalamika. Kila alipomaliza tuta aliitoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

Siku ya tano lori liliondoka. Laurencia hakuomba ruhusa tena. Alipanda kilima akikimbia. Alipofika karibu na kwa Adrian, simu ilianza kulia mfululizo. Ujumbe ulikuwa unaingia. Loji ilikuwa imempigia mara sita.

Alipiga. Mwanamke mmoja alipokea.

"Pole, dada. Tulikutafuta juzi na jana. Wageni wanaingia kesho, hatukuweza kungoja. Mwenzako ameshaanza."

Aliporudi, baba yake alikuwa anafunga magunia yaliyobaki. Laurencia alisimama mbele yake. "Walipiga mara sita, baba," alisema. Kisha akaingia jikoni kumsaidia mama yake kupika.

Thomasi alilifungua gunia alilokwisha kulifunga, akalifunga tena.

Kesho yake alimwendea Loserian. Huyu alikuwa Mmasai kutoka Enguserosambu, mlinzi wa mnara mpya wa kampuni ile ya zambarau. Miaka mingi alikuwa amelinda minara mbalimbali na kuwabebea mafundi vifaa. Alijua mambo mengi kwa kuuliza. Alikuja na simu yake ya laini mbili na laini ya tatu mfukoni, kila moja ya kampuni tofauti.

Alipoiona nyumba alicheka hadi akaegemea fimbo yake.

"Mzee Thomasi! Babu zenu Wambulu walichimba nyumba ili sisi Wamasai tusiwaone. Haya, leo hata mtandao hauwaoni!"

"Cheka, mtani. Ukimaliza niambie kosa liko wapi."

"Mnara ninaolinda uko nyuma ya kilima hiki. Mawimbi yake yanasafiri kama mwanga wa tochi. Adrian yuko juu, yanamfikia. Wewe uko kwenye kivuli cha kilima, tena ukuta wako umo ndani ya udongo. Yatapitaje?"

"Wakala alisema Baray wapo."

"Hakusema uongo. Baray wapo. Kwako hawapo."

Loserian aliwasha simu yake. Waliingia sebuleni, jikoni, na chumbani kwa Laurencia. Kila mahali walisimama, wakasoma vijiti, wakapiga simu, wakafungua picha kwenye intaneti. Laini ya kwanza haikushika. Ya pili ilishika mlangoni tu. Ya tatu ilishika hadi jikoni, kwa sababu mnara wake uko ng'ambo ya bonde, ukiutazama mlango.

"Hii ndiyo ya kwenu," alisema Loserian. "Lakini rudieni jioni. Jioni watumiaji ni wengi, mtandao huwa mzito. Na msiweke simu zote kampuni moja. Mmoja abaki na nyingine, siku moja ikizimika msipotee wote."

"Nimrudishe Laurencia leo kwenye kampuni tuliyotoka," alisema Thomasi.

"Hapana, mzee. Ukishahama kuna muda wa kusubiri ndipo uhame tena. Kwa sasa asajili laini ya pili, awape loji namba zote mbili."

"Na televisheni?"

"Tumia king'amuzi cha dishi. Dishi linatazama angani, halihitaji mnara wetu. Liweke uwanjani, pasipo na mti mbele yake. Kabla hujanunua, uliza mambo haya: kifurushi kikiisha, chaneli gani zinabaki? Kikiharibika, fundi yuko wapi? Mkataba unakufunga miezi mingapi?"

Selestina aliuchukua mkataba kabatini, akamwekea mumewe mapajani. Thomasi aliusoma polepole, kidole kikifuata mistari. Ukurasa wa tatu uliandikwa hivi: mteja ahakikishe mtandao unafika kwake kabla ya kusaini.

"Ulikwenda shule ya usiku miaka miwili ujifunze kusoma," Selestina alisema kwa upole. "Siku ya kusoma ilipofika, ukatazama mpira."

Thomasi alikunja mkataba. Aliinuka, akaenda jikoni, Selestina na Loserian wakimfuata. Laurencia alikuwa anamenya viazi.

"Mama Laurencia yupo hapa, na mtani wetu yupo," alisema. "Nilikukaripia mbele ya watu, kwa hiyo nasema mbele ya watu. Ulikuwa sahihi. Nimekupotezea kazi yako. Nisamehe, mwanangu."

Laurencia aliendelea kumenya. Machozi yalidondoka kwenye sufuria. "Nimekusamehe, baba," alisema baadaye. "Lakini ile supu waliipenda kweli."

Walifanya kama walivyoelekezwa. Selestina alibaki na laini ya zambarau kwa safari za mnadani. Thomasi na Laurencia walisajili laini ya ng'ambo ya bonde. Vitunguu vilipouzwa tena, walinunua dishi baada ya kuuliza maswali yote na kusoma karatasi zote.

Miezi minane ilipita. Mwezi Juni, watalii walipoongezeka, simu ya Laurencia iliita jikoni. Aliipokea palepale kwenye jiko. Loji ilihitaji msaidizi wa mpishi. Alikwenda. Mpishi mwenyewe alikuwa yule msichana aliyeanza kazi siku ile ya simu sita. Laurencia alimwita dada na kufuata maagizo yake. Thomasi aliposikia hayo, hakula vizuri siku nzima.

Siku ya mnada uliofuata, Yohani, mkulima wa Mang'ola, alimkuta karibu na mwavuli wa zambarau.

"Mzee Thomasi, wewe una televisheni na intaneti. Kampuni gani ni nzuri?"

"Sijui," alisema Thomasi.

"Hujui vipi na unazitumia?"

"Najua iliyo nzuri kwangu. Nyumba yako sijasimama ndani yake. Nina laini tatu hapa. Jumamosi nakuja Mang'ola, tujaribu sebuleni na chumbani. Usisaini kitu leo."

Yohani alicheka. "Mzee, umekuwa fundi! Nani amekufundisha haya?"

"Binti yangu," alisema Thomasi. "Alinifundisha hapahapa mnadani, mimi nikamnyamazisha."