Alama za Visigino

Kwa jina la Mola aliyemlainishia Nabii Daudi chuma, nami namwomba anilainishie ulimi nisimulie habari hii kwa uadilifu.

Kwanza niwaweke watu mahali pao. Yupo Fundi, binti wa miaka ishirini na tisa, aliyeachiwa na marehemu baba yake karakana moja na pikipiki kumi na moja za Kifaransa, zile nyembamba za zamani zenye pedali kama baiskeli. Yupo Mfamasia, kijana mtaratibu wa koti jeupe. Na yupo shangazi yake Mfamasia, aliyemlea tangu utotoni, ambaye neno lake nyumbani halikuwa na rufaa.

Fundi na Mfamasia walikutana soko la vyuma chakavu, asubuhi yenye kelele za nyundo. Fundi, ndani ya ovaroli ya buluu na mtandio wa rangi ya zafarani, aliona mkono msafi kupita kiasi ukiinyakua kabureta aliyoitafuta miezi saba.

“Kaka, hiyo unaijua?”

“Nadhani ni kipande cha mizani ya kale. Nataka kupambia duka langu.”

“Mizani!” Fundi akaangua kicheko. “Hiyo ni kabureta. Ukiipimia dawa utaumaliza mtaa mzima.”

“Basi ichukue, dada, uniokolee wagonjwa. Ila niruhusu nije niione ikifanya kazi.”

Akaja. Akaja tena. Haukupita mwezi, simu ikawa hailali.

“Laazizi, umekula?”

“Nimekula vumbi la breki. Wewe je?”

“Nimekula maneno ya shangazi.”

Maneno yenyewe yalikuwa yaleyale: mwanamke mwenye grisi kuchani haingii katika ukoo wao mpaka karakana ifungwe. Fundi aliyasikia, akacheka, lakini moyoni mwake hakucheka. Alimpenda kijana yule, wala hakuwa tayari kuiacha kazi ya baba yake.

Miongoni mwa pikipiki zote, moja ya buluu iliyopauka ilikuwa na daraja yake. Pande mbili za tangi, rangi ilikuwa imekwanguka. Zilikuwa alama za visigino vya Fundi mwenyewe, enzi baba yake akimpakia mbele. Nyingine zote alizipiga rangi upya. Hiyo aliipangusa kwa kitambaa kikavu tu, wala hakumweleza mtu sababu.

Ikatokea akasafiri siku tatu kufuata injini, akamwachia Mfamasia ufunguo. Aliporudi, alikuta tangi jekundu, linang'aa kama pipi.

“Nimekuandalia, mpenzi,” Mfamasia alisema, uso umemchanua. “Shangazi anakuja Ijumaa. Nikasema asikute kutu.”

“Asikute kutu, au asinikute mimi?”

“Jamani, ni rangi tu!”

“Zile zilikuwa alama za visigino vyangu! Baba amezitunza mpaka anaingia kaburini, wewe umezifuta kwa siku tatu ili mtu asikunje pua!” Akafungua boliti, akalichomoa tangi, akambwagia kifuani. “Nenda nalo. Mwambie shangazi yako, mimi sipigwi rangi.”

Wiki tatu simu ililia pasipo kupokewa. Fundi alikaza spoku kwa hasira hadi magurudumu mawili yakapinda, akayalegeza, akaanza upya. Siku ya ishirini na mbili ukaingia ujumbe: “Naona buluu.”

Akapiga mwenyewe. “Wapi?”

“Kando ya kifuniko, ukubwa wa ukucha. Mpiga rangi alikuwa mvivu; hakuikwangua ya zamani, alipaka juu yake.”

“Unasugulia nini?”

“Spiriti.”

“Ya vidonda? Iweke chini! Itaila na ya ndani! Usiguse mpaka nije!”

Alitoka na ovaroli yake vilevile, akakata foleni ya wagonjwa duka la dawa, akamkuta Mfamasia nyuma ya kaunta, vidole vimechubuka. Kwenye benchi la kusubiria alikaa shangazi, baibui la hariri limekunjwa vizuri magotini. Fundi alimwamkia kwa adabu, kisha akaagiza maji ya vuguvugu, sabuni, na msasa laini kuliko yote. Wakasugua, mkono wake juu ya mkono wa kijana, hadi kisigino cha kushoto kikajitokeza.

“Mwanangu,” shangazi aliita, “unamsugulia nani kutu mbele ya wateja?”

“Mke wangu, shangazi, akikubali.”

“Na karakana?”

Fundi hakuinua kichwa. “Haifungwi, shangazi. Grisi hii naingia nayo, au siingii.”

“Nami simwombi aifunge,” akasema Mfamasia. “Heshima yako iko palepale, shangazi. Lakini ukimkataa yeye, umenikataa mimi.”

Mama yule akainuka, akalisogelea tangi, akaweka kidole penye mkwaruzo. “Hiki nini?”

“Kisigino changu. Nilikuwa na miaka minne.”

Shangazi akaufuata mkwaruzo kwa kidole. “Ile ziara iliyovunjika naifanya Ijumaa hii. Nitafutieni kiti kisicho na mafuta.”

“Hakipo, shangazi.”

“Basi nitakuja na gazeti la kukalia.”

Alipotoka, Mfamasia alinong'ona: “Kwa hiyo umekubali?”

“Sugua,” alijibu Fundi, macho yakimcheka.

Wakaoana, na milango ya karakana ingali wazi. Tangi lile ni buluu tena, ila ukanda mmoja mwekundu Fundi alikataa kuuondoa. Nao, alisema, ni alama ya mtu.

Mola amrehemu aliyempakia mtoto mbele. Na waliobaki, shangazi akiwamo, awajaalie mikono isiyochoka, na vichwa visivyoinama ila mbele Yake. Amina.