Soksi Iliyolika Kisigino

Naapa kwa macho yangu yote mawili, nikiongeza hata neno moja ulimi huu unioze! Na mimi si mwoga, mnanijua. Niliwahi kumfukuza chui kwa kandambili.

Nina rafiki yangu seremala, mikono mipana kama koleo, lakini mkewe alimfundisha kufuma. Mwaka jana mjukuu wao wa kwanza alifariki ana siku tatu, akazikwa miguu mitupu kwa sababu soksi zake zilikuwa hazijaisha kufumwa. Jana binti yao, mama wa marehemu huyo, akashikwa na uchungu tena. Mkewe akapiga simu kutoka hospitali.

"Mzee, umemaliza?"

"Moja iko kapuni tangu wiki iliyopita. Ya pili imebaki vidole tu."

"Vidole tu, vidole tu! Zilete leo hii, huyu naye asije akakosa."

Jioni ile mvua ikaja, umeme ukakatika. Akaendelea kufuma kwa kupapasa, sindano zikilia kachi, kachi. Mara akasikia nyayo ndogo sakafuni, tapu, tapu, zinazunguka kiti chake. Akasimamisha sindano. Nyayo hazikusimama. Zikaenda mpaka kwenye kapu, kukawa kimya.

Umeme uliporudi alikuja kwangu mbio, pekupeku, na soksi ile ya kapuni mkononi; nimeishika kwa mkono huu. Hakuna aliyewahi kuivaa. Lakini unyayo umelika na kisigino kimetoboka, kama ya mtoto aliyetembea mwaka mzima. Na ndani bado ina joto.

Jamani, yasitoke hapa. Binti yake hajajifungua bado.