Upepo wa Tairi Pana

Vidole viwili upande wa dereva, kidole kimoja upande wa abiria. Fundi alichomoa mkono kati ya tairi na madigadi, akaufuta kwenye ovaroli, akauingiza tena. Kidole kimoja. Gari halikuwa na mtu wala mzigo, limesimama juu ya sakafu ya saruji aliyoisawazisha kwa mikono yake mwenyewe, na bado lilikuwa limelalia upande ule.

Mtaa mzima walimwita Vidole kwa sababu ya kipimo hicho. Mafundi wa siku hizi wana vifaa vya kuwaka taa. Yeye alikuwa na vidole kumi, tisa vinavyokunjika na kimoja kilichogoma kukunjika tangu siku jeki ilipomponyoka. Siku alipopima gari hili alikuwa amechoka. Si ule uchovu unaoisha ukilala. Ni ule wa miaka ishirini na minane ya kuinua matairi ya watu, uliohamia mgongoni na kujenga kabisa. Alijiambia kwamba springi ya upande ule imelegea kidogo, akateremsha vifaa vyake, akanawa mikono.

Gari lilikuwa la mkwe wake. Mkwe alikuwa mpima macho, mpole, mtu wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye, ila mbele ya gari lile adabu yote ilimwisha. Lilikuwa gari la mbio, la chini kabisa, viti viwili tu. Mkewe, ambaye ni binti pekee wa fundi, alikuwa na mimba ya miezi minane, na fundi alishauliza kwa upole huyo wa tatu atafungwa wapi, juu ya paa? Mkwe akasema mtoto akizaliwa gari litauzwa. Kabla ya hapo alitaka kuliona mara moja tu likiwa limekamilika, na kukamilika kwake kulikuwa matairi mapana nyuma, mapana kuliko yote yanayoweza kuingia.

Fundi alimkalisha juu ya tairi kuukuu akamweleza. Tairi pana linashika barabara vizuri pakiwa pakavu, lakini mvua ikinyesha linaelea. Linataka rimu yake, pana vilevile. Ndani litagusa shokamzoba, nje litakwangua bodi. Mkwe alisikiliza kwa makini sana, kama wagonjwa wanavyomsikiliza daktari wakiwa wamekwisha kuamua, na siku ya tatu akaja na matairi mawili yaliyokwisha kuvalishwa rimu, aliyoyanunua kwa mjane mmoja. Marehemu mumewe aliyajaza upepo, akayaweka stoo, asiwahi kuyafunga. Yalikaa gizani miaka mitatu.

Fundi aliyakagua. Alisoma tarakimu nne za tarehe ubavuni, akabonyeza mpira, akapima upepo. Yalikuwa mazima. Upepo ulikuwa kamili, haujapungua hata chembe kwa miaka mitatu, na jambo hilo lilipaswa kumshtua. Badala yake lilimfurahisha, maana lilimpunguzia kazi.

Aliyemfundisha ufundi alikuwa na sharti moja ambalo hakuwahi kulieleza. Tairi lililojazwa na mtu mwingine hulifungi lilivyo. Unalitoa nje ya mlango, unalimwaga upepo wote, unalivua kwenye rimu, unalitazama ndani, ndipo unalijaza upya kwa upepo wako. Fundi alilishika sharti hilo maisha yake yote, akidhani ni mambo ya unyevu na kutu. Lakini kuvua tairi pana kwenye rimu ni shughuli ya mgongo, na mgongo wake asubuhi ile ulikuwa umekataa hata kuvaa viatu. Upepo ni upepo, alijisemea. Alikunja ukingo wa ndani wa madigadi kwa rola ili tairi lipate nafasi, akakaza nati, akalishusha gari. Ndipo akapata kile kidole kimoja.

Siku ya nne tangu gari litoke gereji, saa za chakula cha mchana, binti yake aliingia gereji kwa miguu, ameloa jasho. Fundi alimvutia kiti. Akamuuliza kwa nini hakuletwa na mumewe, na yeye akatazama mlangoni kwanza kabla ya kujibu.

"Baba, kile kiti si changu tena," alisema kwa sauti ya chini. "Nikikaa nakuta kina joto, kama mtu ameinuka sasa hivi."

Alieleza polepole, akipumzika katikati. Mle garini palikuwa na harufu ya nguo zilizolowekwa ndooni zikasahauliwa. Wakikata kona mkanda ulikuwa unakaza wenyewe, kidogo kidogo, kama mtu anayemsukuma ili naye apate pa kukaa. Jana ulikaza juu ya tumbo mpaka pumzi ikamkatika, na mumewe alipofunga breki ukalegea. Kliniki walisema mtoto mzima. Mumewe alisema ni wasiwasi wa mimba. Binti alivuta gauni kidogo ubavuni, na fundi akaona alama ya mkanda, pana, imevilia damu. Aliogopa vibaya. Katika kuogopa kwake aliona pia aibu, kwa sababu aliujua mkono uliofunga matairi yale.

Alimpigia mkwe simu alilete gari saa ileile. Jua lilikuwa la utosini. Fundi alimwacha binti gerejini, akaingia yeye kiti cha abiria, akafunga mkanda, akamwambia mkwe azunguke mtaa pole pole. Kona ya kwanza alisikia tairi likikwangua bodi nyuma yake, krrr, krrr. Kona ya pili, kati ya krrr moja na nyingine, alisikia kitu kingine, pumzi, inavutwa na kushushwa, inavutwa na kushushwa, ikienda sawasawa na mzunguko wa gurudumu, na harufu ya ndoo ikapanda kutoka miguuni ikamfika puani, na mapaja yake yakaanza kuhisi uzito, kwanza mwepesi, kisha uzito kamili wa mtu mzima anayejishusha taratibu kama asiye na haraka yoyote, asiyejua au asiyejali kwamba kiti kina mwenyewe, na mkanda ukaanza kumbana kifua, na yeye akawa anatazama mbele tu, barabarani, watu wakinunua vitu vyao juani, akiogopa kuteremsha macho akaona amempakata nani.

"Rudi," alimnong'oneza mkwe. "Usisimame. Rudi tu."

Mkwe alidhani ni springi. Fundi hakubishana naye. Alifanya lile ambalo fundi yeyote angefanya kutafuta kosa liko wapi. Alipandisha gari kwa jeki, akalihamisha gurudumu la upande wa abiria akalifunga upande wa dereva, na la dereva akalifunga kwa abiria. Gari likashushwa. Lilitulia kidogo, kisha likainama polepole, safari hii upande wa dereva. Kidole kimoja. Mkwe, aliyekuwa ameegemea ndani ya kiti chake huku akitabasamu, alihisi uzito ukimkalia mapajani, akaacha kutabasamu. Alitoka garini bila kufunga mlango, akaenda kusimama karibu na mkewe, na tangu hapo hakutaja wasiwasi wa mimba.

Mganga aliletwa kesho yake asubuhi. Alikuwa mama wa makamo mwenye magoti mabovu na mkoba wa plastiki, na kitu cha kwanza alichoomba ni pa kukaa. Hakupiga ngoma wala kutoa macho. Alimsikiliza fundi hadi mwisho, akauliza upepo ule umefungwa tangu lini, kisha akainama kwa shida akaweka sikio kwenye ubavu wa tairi la upande ulioinama. Alikaa hivyo muda mrefu. Aliponyanyuka uso wake ulikuwa umesawijika.

"Ni jini, na amefungiwa humo," alisema. "Wanapenda mahali palipofungwa pakasahauliwa. Aliingia akalala, mkamwamsha kwa kumzungusha. Sasa amechoka, anatafuta pa kukaa."

"Na mwanangu?" fundi aliuliza.

Mganga alilitazama tumbo la binti, halafu akatazama pembeni. "Kwa huyu kuna nafasi ya joto," alisema. "Msimpandishe tena gari hili."

Maelekezo yake yalikuwa mafupi. Upepo ufunguliwe taratibu, usitoke kwa kishindo. Mlango uwe wazi. Na humu ndani kisibaki kitu chochote kinachovuta hewa, isipokuwa yeye na fundi, nao wajifunge vitambaa puani na kuvuta kidogo kidogo. Fundi alimtoa binti, akamtoa mkwe, akamtoa hata paka aliyekuwa akilala kwenye rafu ya matairi, akawapeleka wote ng'ambo ya barabara. Alirudi akafungua nati kwa bunduki inayotumia upepo wa tanki la kompresa, akalitoa gurudumu hilo, akalilaza karibu na mlango. Lilikuwa zito kuliko lilivyopaswa.

Alipoing'oa pini ya valvu, hapakuwa na mlio wa tairi. Palikuwa na mguno, mrefu, wa mtu anayenyoosha miguu baada ya safari, ukaendelea na kuendelea kupita kiasi cha upepo kinachoweza kukaa mle ndani, na harufu ya ndoo ikajaa gereji nzima mpaka macho yakawawasha, na mpira ukawa unalegea chini ya kiganja cha fundi kama tumbo la mtu anayeshusha pumzi, huku mganga akisema maneno yake kwa sauti ya chini na fundi akihesabu moyoni ili asikimbie. Kompresa iliunguruma kidogo pale kwenye kona, kama kawaida yake, ikanyamaza. Mguno nao ukaisha. Tairi lilikuwa tupu na jepesi.

Mganga alinusa, akaweka tena sikio. "Humu hayumo," alisema.

"Kaenda wapi?"

"Alikopata njia." Alikusanya mkoba wake, akaomba ashikwe mkono kuvuka ngazi ya mlango, akaenda zake.

Fundi aliyakata yale matairi mapana kwa msumeno, yote mawili. Akarudisha matairi ya zamani, membamba, na gari likasimama sawa. Vidole viwili huku, vidole viwili kule. Mkwe aliliuza wiki ileile bila kuulizwa na mtu, na fundi alilala kama hajalala miaka.

Siku ya tisa tangu mganga aondoke, binti alikuja na kigari cha mtoto. Kilikuwa kizuri, cha springi, chenye magurudumu manne madogo ya kujazwa upepo, yote bapa kama yalivyotoka kwenye boksi. Zilikuwa zimebaki siku chache ajifungue. Binti alikuwa anacheka, alama ya ubavuni imefifia, na fundi akamwonea raha mpaka macho yakamlenga. Alivuta mpira wa upepo, akapiga magoti licha ya mgongo, akajaza magurudumu moja moja, kwa uangalifu kuliko alivyowahi kumjazia mteja yeyote. Akakisukuma kigari mbele na nyuma. Kilitembea bila mlio.

"Baba, umeloweka nguo?" binti aliuliza.

Fundi alikuwa anafungua mdomo kusema hapana. Tanki lilikuwa limepungua, na kompresa ikaanza kuunguruma kwenye kona yake. Kelele ile alikuwa ameizoea kiasi kwamba kwa miaka hakuwa anaisikia. Safari hii aliisikia. Ilikuwa inavuta hewa ya gereji, kwa nguvu, kama ilivyovuta siku ile baada ya yeye kulipunguza tanki kwa bunduki ya nati, mlango ukiwa wazi na paka akiwa ametolewa. Aliwatoa wote wenye mapafu, akaiacha hiyo. Na tangu siku ile alikuwa amejaza kutokana na tanki lile gari la wagonjwa, baiskeli ya muuza mikate, basi la watoto wa shule, na sasa hiki.

Alikitazama kigari. Kilikuwa kitupu, godoro lake dogo bado lina karatasi ya dukani. Kikainama polepole upande mmoja, kisha springi zikatoa mlio mdogo, na kikaanza kujibembeza.

Aliingiza mkono chini ya kikapu, juu ya gurudumu. Tangu akiwa mdogo, akishinda gerejini baada ya shule, binti yake alipenda kumuuliza swali moja kila alipomwona amepima, na alikuwa akiridhika na jibu moja tu. Aliuliza sasa, mkono mmoja juu ya tumbo.

"Vingapi, baba?"

Fundi hakugeuka, asije akamwona uso. Alitaka binti atoke kwanza, avuke barabara, aende mbali na chumba kile chenye hewa ile, na mengine yatajulikana baadaye.

"Viwili, mwanangu," alisema. "Tangulia nyumbani, hiki nitakileta mimi." Na kidole kimoja kilichokuwa mle ndani kikaanza kubanwa.