Karatasi ya Mchele

Kila Jumamosi Fadhiya hufagia baraza ya nyumba yao huko Kibokoni, kisha huenda soko la Marikiti kumnunulia mama yake mboga. Jumamosi hiyo alizimaliza kazi zake mapema, kwani rafiki yake Becky alikuwa amemwalika kwao Tudor kwa chakula cha mchana.

"Ukifika, uliza nyama ni ya nini na imechinjwa na nani," mama alimwambia. "Kuuliza si aibu, mwanangu."

"Haya, mama," Fadhiya alijibu, lakini moyoni alijua hataweza kuuliza lolote.

Tatizo lilikuwa mdomo wake mwenyewe. Wiki iliyopita Becky alisimulia darasani kwamba shangazi yake, Nanjala, amerudi kutoka Dubai, alikofundishwa mapishi ya Kivietnam na mpishi mwenzake. Fadhiya, ambaye hapendi kupitwa na jambo, akadakia, "Chakula cha Vietnam? Mimi nishakula mpaka nimechoka!" Ukweli ni kwamba chakula cha mbali kuliko vyote alivyowahi kuonja ni halwa ya Lamu.

"Shikamoo, shangazi," alisalimu alipofika.

"Marahaba. Karibu, mtaalamu wangu! Nataka kuanza kuuza chakula hiki. Leo utaniambia kama nimepatia."

Fadhiya akaketi. Mezani palikuwa na vitu virefu vilivyoviringishwa ndani ya kitu cheupe, chembamba. Kwa ndani zilionekana tambi, karoti, dania na nyama. Nyama gani? Je, kama ni nguruwe? Lakini mtu aliyekula mpaka akachoka atauliza vipi?

Ili avute muda, alichukua kimoja akaanza kukimenya, kama anavyoondoa gazeti kwenye bajia anazonunua mtaa wa Kuze. Kile cheupe kikamnata vidoleni, kikararuka, na tambi zikamwagika mezani.

"Fadhiya, unafanya nini?" Becky aliuliza.

"Natoa karatasi."

"Hiyo karatasi ni ya mchele! Huliwa!"

Fadhiya aliona haya, machozi yakamlengalenga. "Shangazi, nisamehe. Nilidanganya. Sijawahi kula chakula hiki hata siku moja. Na hii nyama... ni ya nini?"

Shangazi Nanjala hakucheka. "Ni kuku. Nimemnunua kwenye bucha ya Waislamu, maana nilijua unakuja. Sasa onja, uniambie ukweli mtupu."

Fadhiya akachovya kipande kwenye kibakuli cha mchuzi kilichokuwa kando, akauma, akatafuna polepole.

"Mchuzi unanuka samaki mkavu," alisema. "Nilitaka kuuacha. Lakini ukishatafuna, ni mtamu sana. Labda uongeze ndimu."

"Becky, niletee kalamu!" Shangazi akaandika, kisha akamgeukia Fadhiya. "Nilidhani nahitaji mtu anayekijua chakula hiki. Kumbe wateja wangu watakuwa kama wewe, watu wasiokijua. Ungeendelea kujifanya unajua, wewe ungekula kwa hofu, na mimi ningeuza mchuzi wa kuwakimbiza watu. Jambo usilolijua, sema hulijui, kisha uliza."

Fadhiya akachukua cha pili. Kabla ya kukiuma aliuliza jina la kila kilichokuwa ndani, kimoja kimoja, mpaka Becky akachoka kumjibu. Kisha akakila chote, pamoja na karatasi yake.