Mfuko wa Nchi ya Vipande

Kila siku saa kumi jioni, wenzake walipokuwa wakifukuzana na mpira, Dira alikuwa safarini. Safari yenyewe ilianzia chini ya meza ya kukatia vitambaa, kwenye karakana ya mama yake, na haikuhitaji hata viatu.

Dira halikuwa jina lake la shuleni. Alibandikwa jina hilo na mjomba wake, askari wa wanyamapori, alipokuja likizo akamkuta mpwa wake anaweza kuonyesha kaskazini hata akiwa amefungwa macho. Jina likaganda.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na karakana yake haikujua kunyamaza. Cherehani ililia, redio iliimba, na kwenye benchi la wateja hapakukosa mtu mwenye habari za motomoto. Bingwa wao alikuwa Bi Mkate, jirani aliyeoka mikate na kuiuza mlango wa pili. Huyo akija kupunguziwa gauni, ujue ataondoka jua limetua, na gauni lenyewe halijaguswa.

Chini ya meza palikuwa na Nchi ya Vipande. Dira aliitengeneza kwa mabaki ya vitambaa aliyoyashona juu ya shuka kuukuu. Kijani kilikuwa msitu. Kaki ya kaptura za shule ilikuwa jangwa. Bitana nyeupe ilikuwa mlima wenye theluji, na buluu iliyokunjamana ilikuwa kinamasi. Mbuga ilitokana na kitambaa cha maua, ndiyo maana fisi wa nchi ile walikuwa na maua mwilini badala ya madoa. Wasafiri walikuwa vifungo.

Wanafunzi wake walikuwa wawili. Wa kwanza ni Wakili, mvulana wa darasa lake, aliyeweza kubishana hata na kengele ya shule. Wa pili ni mdogo wake wa miaka sita, Kifungo, aliyepewa jina hilo baada ya kumeza kifungo cha shati, nyumba nzima ikakingoja siku mbili kitoke.

"Tumepotea msituni," alisema Dira siku hiyo. "Tunafanya nini?"

"Tunatimua mbio!" akajibu Kifungo.

"Ukikimbia utapotea zaidi. Unakaa palepale, unapuliza filimbi mara tatu, unapumzika, unapuliza tena. Na jangwani?"

"Mchana kivulini, kutembea ni asubuhi na jioni," Wakili akadakia. "Na mlimani tunavaa nguo kadhaa, moja juu ya nyingine, na haturuhusu zilowe."

Yote hayo yalitoka kwa mjomba. Lakini kuhusu kinamasi alifundisha jambo moja tu, kupima matope kwa fimbo kabla ya kukanyaga, likizo ikaisha.

"Haya, fimbo tunayo," Wakili akaendelea. "Kiu je? Maji yote ni tope. Tunakunywa nini?"

Dira akakwama. Hakujua. Lakini macho manne yalikuwa yakimkodolea, na kiongozi wa msafara anaanzaje kusema hajui? Akaona kipande cheupe sakafuni.

"Unachuja maji kwa kitambaa safi," akasema. "Mara saba."

"Kwa nini saba? Kwa nini isiwe sita?"

"Mjomba alisema saba. Unataka kubishana na askari wa wanyamapori?"

Wakili akafunga mdomo, jambo la kuandikwa kwenye kalenda. Kifungo yeye alikuwa akihesabu vidole kimyakimya.

Siku mbili baadaye, Kifungo hakuamka kwenda shule. Tumbo lilimkata, akatapika, akashinda chooni mpaka miguu ikamlegea. Mama alifunga karakana asubuhi peupe, akambeba mgongoni mpaka zahanati, Dira nyuma na mkoba.

"Jana amekula nini?" nesi akauliza.

"Tulichokula sote," mama akajibu, kisha akasita. "Ila kuna mkate wa jirani. Ule alikula peke yake."

Kwenye foleni, mwanamke mmoja akageuza shingo. "Wa Bi Mkate? Hee! Nami nimenunua miwili leo hii!" Akachomoa simu. Dira akajua habari ile itafika mtaani kabla yao.

"Na wewe, kijana, umekunywa kitu chochote?" nesi akamwinamia Kifungo. Mtoto akamtazama dada yake, akatikisa kichwa. Siri za msafara hazitolewi.

Dira akaingiza mkono kwenye mfuko wa sweta ya mdogo wake, akitafuta leso ya kumfuta mdomo. Akatoa kipande cheupe, katikati kina duara la tope lililokauka.

Akinyamaza, ataendelea kuwa kiongozi anayejua kila kitu. Lakini nesi atatibu asichokijua, na Bi Mkate atabeba kosa lisilo lake. Akamwangalia Kifungo, midomo imemkauka.

"Si mkate," akasema. "Amekunywa maji machafu. Nadhani ni ya dimbwi la nyuma ya karakana. Mimi ndiye niliyemwambia ukichuja unaweza kunywa."

"Mara saba, dada," Kifungo akanong'ona. "Nilihesabu vizuri. Yalikuwa safi kabisa."

"Mjomba wako alikwambia hivyo?" mama akauliza.

"Hapana, mama. Nilitunga. Sikujua, nikaona aibu."

Nesi akamgeukia Dira.

"Umefanya vizuri kusema. Sasa najua pa kuanzia." Akakishika kile kitambaa. "Hiki kinazuia tope na majani. Lakini vijidudu vya tumbo ni vidogo mno, vinapenya humu kama ninyi mnavyopita kwenye geti la shule. Ukishachuja, chemsha maji mpaka yatokote sawasawa, uyaweke kwenye chombo safi chenye kifuniko. Na huyu asiguse tena maji ya dimbwi, hata yakichujwa mara mia."

Kifungo akapewa dawa, na maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, anywe kidogo kidogo. Siku ya tatu alikuwa akiruka juu ya benchi la wateja.

Lakini siku ileile ya zahanati, mama alipofungua tena karakana, Dira alikwenda mwenyewe mlango wa pili. Rafu zilikuwa zimejaa mikate. Akaeleza yote bila kuruka kitu.

"Kumbe!" Bi Mkate akashika kiuno. "Ndiyo maana tangu asubuhi wananipita kama nimeota pembe! Haya, bibie, twende ukawaambie wote walioko kwenye lile benchi. Habari nyingine naweza kuisambaza mwenyewe, ila hii itoke kinywani mwako."

Dira akasema mbele ya watu sita. Kabla jua halijazama, mikate ilikuwa imekwisha.

Jumamosi msafara ukakutana tena chini ya meza. Wakili alikuwa na swali, kama kawaida.

"Kwa hiyo hata fisi wa maua ni uongo?"

"Fisi wa maua ni hadithi, na sote tunajua ni hadithi," Dira akajibu. "Yale ya maji niliyasema kama ni kweli. Hapo ndipo nilipokosea."

Mama akaacha cherehani, akaketi nao sakafuni na sindano. Alichukua kile kipande cheupe, kimeshafuliwa, akakishona kando ya kinamasi kikawa mfuko mdogo.

"Mteja akiniletea kitambaa na vipimo vyake sivijui," akasema huku akivuta uzi, "sikati kwa kukisia. Namwambia asimame, nachukua utepe, napima. Hajatokea aliyenidharau kwa kupima. Wewe wanakufuata, mwanangu, na anayekufuata anafanya kama ulivyosema. Usilolijua, sema hulijui, liandike, litie humu. Mjomba akipiga simu Jumapili, tutamuuliza."

Kifungo akanyoosha mkono. "Dada, mtu akimeza kifungo akiwa kinamasini?"

Karakana nzima ikaangua kicheko, Bi Mkate, pale kwenye benchi, kwa sauti kuliko wote. Dira akafungua mdomo, jibu zuri sana likiwa limeshamjia ulimini. Akalimeza.

"Sijui," akasema, kwa sauti ya kiongozi hasa, akanyoosha mkono kuchukua penseli.