Usiuze Cherehani Kwanza

Fundi alijua kushona, lakini siku hizo akili yake haikuwa kwenye suruali za watu. Ilikuwa relini. Treni ya mizigo ikipita nyuma ya nyumba, mguu wake uliacha kukanyaga cherehani, naye akahesabu mabehewa hadi la mwisho. Miaka kumi na tano ameinamia meza ile ile. Mgongo ulimuuma, na kazi ilikuwa imemchosha.

Jioni moja alimwambia mkewe kwamba shirika la reli linatafuta wafanyakazi wa treni za mizigo. Yeye ataomba. Tena amekwisha kupata mtu wa kununua cherehani.

Mkewe, aliyefanya kazi ya kupanga mizigo ghalani, aliweka kijiko chini. "Umemuuliza Gadi?"

Gadi alikuwa jirani yao, na alikuwa amezeeka kwenye treni za mizigo. Walimkuta anafua ovaroli. Akawaeleza bila kuficha. Kazi ni nzuri, lakini haina saa: ukiitwa alfajiri unakwenda, ukiitwa unakula unaacha sahani. Unatembea kando ya mabehewa yote kukagua breki, mvua inyeshe au jua liwake. Na kabla ya yote, unapimwa afya, masikio na macho.

"Kwa hiyo usiuze cherehani kwanza," alisema. "Kapime. Sisi tunaongozwa na taa. Nyekundu simama, kijani pita. Ukizichanganya, umetumaliza."

Fundi alijisifu kwamba yeye hutunga uzi kwenye sindano bila hata miwani.

"Baba Watoto," mkewe akasema taratibu, "na rangi ya uzi, nani anakuchagulia?"

Kila boksi la uzi pale kwake lilikuwa na karatasi yenye jina la rangi, kwa mwandiko wa mkewe. Mambo hayo yalianza siku aliposhona gauni la kijani kwa uzi mwekundu. Wote wawili walidhani ni haraka zake tu.

Walikwenda kupima pamoja. Mpimaji wa macho alifungua kitabu chenye nukta za rangi, akamwuliza Fundi anaona namba gani. Fundi aliona nukta tu. Mkewe, aliyekaa nyuma, akaropoka, "Sabini na nne." Mpimaji akamwomba asimsaidie mgonjwa kwenye mtihani.

Kisha akaeleza. Watu wengine, hasa wanaume, huzaliwa wasiweze kutofautisha nyekundu na kijani. Si ugonjwa wa kumtia mtu hofu, na hauna dawa. Kazi nyingi atafanya vizuri, ila si ya kufuata taa za reli.

Fundi aliumia sana. Walipofika nyumbani aliitazama cherehani, akashukuru bado ipo. Halafu akamtazama mkewe.

"Mizigo unaijua. Kuamka mapema unajua. Na macho unayo. Mimi nashonea hapa hapa, watoto watakuwa na mtu. Omba wewe."

Mkewe alicheka, mpaka alipoona mwenzake hatanii. Wakarudi kwa Gadi, wakauliza yote upya. Mke akaomba kazi, akapimwa, akafaulu, akasomea kazi miezi kadhaa.

Siku ya kwanza ya mama huyo kazini, Gadi alimwona amevaa suruali mpya ya kijani, pindo limeshonwa kwa uzi mwekundu. Fundi ndiye aliyeishona; karatasi ya jina la rangi ilikuwa imedondoka kutoka kwenye boksi la uzi, naye hakutaka kuuliza.

"Huyo fundi wako ni nani?" Gadi alicheka. "Hebu fumua hiyo."

"Sifumui," alisema mke wa Fundi. "Huyo ndiye aliyenipa kazi hii." Akapanda treni.